Tunayo Tayari: Je, Tununue Tena?



Katika somo hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, lakini limekwisha kutoa fedha nyingi mifukoni mwa watu wazima wenye akili zao. Ni habari ya wale wanaokusanya sanamu ndogo za mashujaa, zile za plastiki zenye viungo vya kukunjwa. Mtu anayo sanamu yake kabatini, na anaipenda. Kisha kampuni yatangaza kwamba shujaa yule yule anatolewa tena, ila safari hii uso wake unafanana zaidi na wa mchezaji wa filamu, na magoti yake yanakunjika vizuri zaidi. Je, yampasa mtu huyu kununua tena kitu alicho nacho?

Sisi tunaoandika tumo katika kundi hilo, kwa hiyo hatumnyoshei mtu kidole. Tumewahi kununua shujaa mmoja mara tatu. Basi na tujifunze pamoja.

1. Jambo hili lilianzaje?

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa askari aitwaye G.I. Joe, mwenye kimo cha karibu futi moja. Wenye kampuni waliogopa kwamba wavulana hawatakubali kuchezea mwanasesere, kwa hiyo wakaliepuka neno hilo na kuiita sanamu ya vitendo. Jina likashika mpaka leo.

Mwaka 1982 G.I. Joe alirudi akiwa mdogo, wa inchi 3¾ tu, pamoja na wenzake wengi. Mikono yao iliinuka begani na kukunjika kiwikoni, lakini haikuweza kugeuka upande. Mwaka 1983 kasoro hiyo iliondolewa: mkono ukafanywa uzunguke juu ya kiwiko, hata askari akaweza kushika bunduki kwa mikono miwili. Askari wale wale wa mwaka wa kwanza wakatolewa tena na mikono mipya. Basi mtoto aliyenunua mwaka 1982 akajikuta ana askari wa zamani, na hali hata rangi yao haijachubuka.

Hapo twaona mzizi wa jambo lenyewe. Sanamu yake haikuharibika. Kilichobadilika ni kwamba sasa iko nyingine ya kuilinganisha nayo.

2. Je, kila badiliko ni hatua ya mbele?

Twazoea kudhani kwamba matoleo ni kama ngazi, na kila jipya liko juu ya lililotangulia. Lakini tukiangalia kwa makini twaona kwamba mabadiliko si ya namna moja.

Liko badiliko la kazi, kama ule mkono wa 1983. Hilo lampa mchezaji uwezo ambao hakuwa nao.

Liko badiliko la sura. Mwaka 2013 Hasbro walianza kutoa sanamu za Star Wars za inchi 6, na miongoni mwa za kwanza alikuwamo Luke Skywalker katika mavazi ya rubani. Mwaka 2019 rubani huyo alitolewa tena, uso wake ukiwa umechapwa kwa mashine badala ya kupakwa rangi kwa namna ya kwanza, na macho yake yakaonekana kama ya mtu hai. Ni kazi nzuri, hatukatai. Lakini mtu aliyeweka sanamu yake juu ya rafu, akiitazama kwa umbali wa hatua nne, tofauti hiyo ataiona mara ngapi kwa mwaka?

Tena liko badiliko la kusudi, nalo ndilo linalotudanganya zaidi. Tuchukue Optimus Prime, roboti anayegeuka kuwa lori, ambaye alianza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1984. Mwaka 2003 kampuni ya Takara ya Japani ilimtoa kwa ajili ya watu wazima, akiwa mkubwa na mzito, mwenye vipande vya chuma. Mwaka 2011 akatolewa mwingine, naye alikuwa mdogo kuliko yule, ili alingane kwa kipimo na roboti wengine wa jamii hiyo. Mwaka 2019 akaja wa tatu, aliyefanywa afanane zaidi na yule wa katuni. Sasa tuulize, yupi kati ya hao ndiye bora? Anayetaka uzito mkononi atamchagua wa 2003. Anayetaka kupanga jeshi zima atamchagua wa 2011. Anayekumbuka katuni za utotoni atamchagua wa 2019. Kila mmoja alitengenezwa kujibu swali lake.

3. Fundisho la Jawa

Mwaka 1978 kampuni ya Kenner ya Marekani ilitoa sanamu zake 12 za kwanza za Star Wars. Mmoja wao alikuwa Jawa, kiumbe mfupi aliyevishwa joho la plastiki laini. Joho hilo halikuonekana la kufaa, kwa hiyo upesi likabadilishwa na joho la kitambaa, nalo kweli lilikuwa zuri zaidi. Kama kungekuwa na mtu wa kutushauri siku ile, angetuambia tutoe la plastiki tuchukue la kitambaa.

Leo yule Jawa wa kitambaa ni wa kawaida, na yule wa joho la plastiki anatafutwa kwa bei kubwa kabisa. Wako hata wadanganyifu wanaokata joho la plastiki la Ben Kenobi na kumvika Jawa, ili wapate kumwuza kama wa kwanza.

Hatusemi haya ili watu waweke sanamu kama akiba ya fedha, maana nyingi hazipandi bei kamwe. Twasema ili tujue kwamba lile liitwalo duni leo si lazima lionekane duni kesho. Mmoja wetu aliiuza sanamu yake ya utotoni ili apate fedha ya kununua toleo jipya. Jipya likafika, likapendeza kwa majuma mawili. Kisha akaanza kuitafuta ile ya zamani, akaipata kwa bei iliyozidi ile aliyouzia, na hata hivyo haikuwa ile yenye alama ya meno ya mdogo wake.

4. Pengine dawa ni matengenezo

Mara nyingine tunalolitaka si toleo jipya, bali ni ile yetu irudi kuwa nzima. Wale askari wa 1982 wameshikanishwa kiunoni kwa pete ndogo ya mpira. Mpira huo huzeeka na kukatika, na miguu ikaanguka. Wengi wakiona hivyo husema sanamu imekufa. Kumbe yatosha kufungua skrubu moja mgongoni, kuweka pete mpya ya bei ndogo, na kufunga.

Vilevile plastiki nyeupe hugeuka manjano kwa mwanga wa jua. Tukinunua mpya na kuiweka dirishani pale pale, nayo itageuka manjano. Afadhali kwanza kuhamisha kabati.

5. Jibu letu

Basi, je, tunahitaji toleo jipya? Kuhitaji, hapana. Anayetimiza kazi uliyomnunulia hajapungukiwa na kitu kwa sababu amezaliwa ndugu yake. Lakini kupenda si kosa, mradi tuite kupenda kwa jina lake, tusijisingizie haja. Anayesema nyumbani "nilihitaji" wakati ada ya mtoto haijalipwa, hawezi kujitetea kwa magoti yanayokunjika vizuri.

Twashauri kungoja mwezi mmoja baada ya tangazo. Katika mwezi huo tuishushe ile ya zamani kabatini, tuipanguse vumbi, tuishike mkononi. Ikiwa baada ya hapo bado twaona upungufu tunaoweza kuutaja kwa maneno, na fedha ipo, tununue kwa moyo mweupe. Ikiwa upungufu wenyewe hatuujui mpaka tusome tangazo tena, tuirudishe rafuni, na somo limekwisha.

Maswali ya kujadiliana

1. Sanamu yangu inashindwa kufanya nini ambacho mimi hukifanya kweli?
2. Toleo hili jipya limebadilisha kazi, sura au kusudi?
3. Je, yaweza kutengenezwa?
4. Nikinunua, ile ya zamani itakwenda wapi, na je, nitaijutia?
5. Fedha hii ingefanya kazi gani nyingine nyumbani mwezi huu?