Fahamu Sheria: Kupanga Bei kwa Pamoja ni Kosa

Chukua mfano huu. Msimu wa wageni umekaribia, na wenye mashua wa ufuo mmoja wanakutana. Wanakubaliana kuwa hakuna atakayempeleka mgeni baharini chini ya bei fulani, na kwamba kila kundi litakuwa na hoteli zake. Wengi wangeuita huo ushirikiano mwema. Kisheria, ni kosa.

Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 kinakataza washindani kupanga bei, kugawana wateja au kula njama katika zabuni. Kuwa wanachama wa chama kimoja si kinga. Anayepatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka 5, kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo inaweza kutoza biashara hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia.

Je, chama kifanye nini? Kinaweza kuweka kanuni za usalama, kukagua majaketi ya kuokolea na kufunza wanachama. Bei, kila mmoja ajipangie. Wanaoona makubaliano yao yana manufaa kwa umma wanaweza kuiomba Mamlaka idhini maalumu chini ya kifungu cha 25.

Na mwenye mashua anayefukuzwa ufuoni kwa sababu amepunguza bei ana haki ya kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka hiyo.