Mwiba wa Samaki Mwilini: Jinsi ya Kumtunza Aliyechomwa

Pengine msomaji wa Kericho au Bomet, akaaye katikati ya mashamba ya chai, mbali kabisa na bahari, atauliza: mwiba wa samaki wa pwani watuhusu nini? Watuhusu kwa sababu wengi wetu husafiri Mombasa, wanafunzi kwa wafanyakazi, wakaingia majini wasijue kilichomo. Tena tangu mwaka 2009, Serikali ilipowasaidia wakulima kuchimba mabwawa ya samaki, kambare amekuwa jirani yetu, naye ana mwiba mgumu wenye meno katika kila pezi la kifuani.

Wa kuogopwa zaidi ni taa. Hulala mchangani, bapa kama sinia, na akikanyagwa hurusha mkia. Mwiba wa mkiani una meno yaelekeayo nyuma, kama chembe cha mshale: huingia kwa urahisi, hutoka kwa kurarua nyama. Umevikwa ngozi nyembamba yenye sumu. Tundu huonekana dogo, lakini kipande cha mwiba au cha ngozi ile chaweza kubaki ndani na kuliozesha jeraha.

Mguu au mkono ukichomwa, bonyeza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Kisha osha jeraha, ukitie kiungo katika maji ya moto ya kadiri ya digrii 45, kwa dakika 30 hadi 90; joto hutuliza maumivu sana. Mgonjwa mwenye maumivu makali hawezi kupima joto vizuri, kwa hiyo mwenye kumhudumia na apime kwa mkono wake mwenyewe. Wala asidhani kwamba, kwa kuwa birika huku mlimani huchemka kwenye digrii 93 hivi, maji yake hayana hatari. Yatambabua vile vile. Usilichanje jeraha, usilifyonze, usifunge kamba ya kukaza.

Lakini mwiba ukisimama kifuani, shingoni au tumboni, shauri ni lingine: usiuchomoe. Huenda ndio uzibao mshipa uliotoboka. Uzungushie vitambaa usitikisike, ukampeleke mgonjwa hospitali upesi. Tarehe 4 Septemba 2006, Bw. Steve Irwin wa Australia, aliyejulikana kwa filamu zake za wanyama, alichomwa kifuani na taa akafa. Wako pia samaki wa mdomo mrefu kama sindano, ambao usiku huruka kuelekea mwanga wa karabai za wavuvi, na mdomo huo ukimpata mtu huweza kuvunjikia ndani. Mambo haya ni nadra sana, ila yakitokea hayangoji.

Mara nyingine jeraha huonekana limepona pwani, likaanza kufura na kutoa usaha mgonjwa akiwa amekwisha rudi nyumbani. Hapo amweleze daktari waziwazi kwamba alichomwa na samaki, na kama ni baharini au bwawani, maana vijidudu vya majini huhitaji dawa ziwafaazo. Na picha ya eksirei yaweza kuonyesha kipande kilichosalia. Sindano ya pepopunda isisahauliwe, hata kwa aliyechomwa na kambare wa bwawa lake mwenyewe.

Na aingiaye baharini penye mchanga asiinue nyayo, bali aziburute. Taa akisikia mtikiso huondoka.