SOMO KWA VIKUNDI VYA KUJIFUNZA: MAPATANO NA MASHARTI



Somo hili limetayarishwa kwa vyama vya Uroa na vijiji jirani. Lahusu chama ambacho wanachama wake wamegawanyika karibu nusu kwa nusu, jambo ambalo katibu hulikuta mapema au baadaye. Mfano tutakaoutumia ni wa nchi yetu wenyewe, Zanzibar, tangu mwaka 1995. Hatukusudii kuamua nani alikuwa na haki, kwani ushirika hauna upande katika siasa za vyama. Twataka kuona mapatano yalifanywa vipi, na kwa nini baadhi yalishika na mengine yakavunjika.

Tarehe 22 Oktoba 1995 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964. Tume ya Uchaguzi ilitangaza kuwa Dkt. Salmin Amour wa CCM amepata kura 165,271 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kura 163,706. Tofauti ilikuwa kura 1,565. Majimbo yaligawanyika 26 kwa 24. CUF ilikataa matokeo. Waangalizi wa nje nao walionyesha kasoro katika hesabu. Wawakilishi wa CUF wakasusia Baraza la Wawakilishi, na wafadhili wakazuia misaada yao.

Tuitazame hesabu hiyo kwa jicho la ushirika. Chama chenye wanachama 41 kimepiga kura, 21 kwa 20. Waliopata 21 wamechukua uenyekiti, uhazini, mizani ya mwani na ufunguo wa ghala. Wale 20 hawahami. Wanafunga kamba za mwani katika ufuo ule ule, wanategemea madau yale yale, na siku ya msiba ndio wachimba kaburi. Katika miaka ile, Pemba hasa, watu walisusiana maduka na hata mazishi, kama ilivyokuwa zama za siasa kati ya 1957 na 1963. Wazee wetu hawana haja ya kuelezwa habari hizo.

Muafaka wa kwanza ulitiwa saini Juni 1999, kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola chini ya Katibu Mkuu wake, Chifu Emeka Anyaoku. Uliahidi kuitengeneza upya Tume ya Uchaguzi. Oktoba 2000 ulipofika, sehemu kubwa ya ahadi ilikuwa bado ipo katika karatasi. Kura za majimbo 16 zilifutwa na kurudiwa Novemba, nayo CUF ikasusia. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, wengi wao Pemba. Watu zaidi ya 30 walikufa, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imewatoa.

Muafaka wa pili, wa tarehe 10 Oktoba 2001, ulikwenda mbele zaidi. Safari hii Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa mwaka 2002, na wajumbe kutoka upinzani wakapata nafasi ndani ya Tume. Hiyo ndiyo sehemu iliyodumu. Lakini swali la wale 20 lilibaki palepale: mshindi aliendelea kuchukua vyote.

Mazungumzo ya tatu yalianza 2007. Machi 2008 kikao cha CCM huko Butiama kilitaka jambo hilo lipelekwe kwa wananchi kwa kura ya maoni. CUF ikakataa, na mazungumzo yakakwama. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar. Baada ya hapo Baraza la Wawakilishi liliridhia, na kura ya maoni ile ile iliyokataliwa ikapigwa tarehe 31 Julai 2010. Asilimia 66.4 walikubali. Katiba ikabadilishwa: chama kinachofuata kwa kura kipate Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri watoke pande zote mbili. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulimpa Dkt. Ali Mohamed Shein asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1. Ulikuwa mgawanyiko ule ule wa 1995, ila safari hii aliyeshindwa aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza, na nchi ikalala usingizi.

Hata hivyo katibu asidhani kuwa kifungu cha masharti hufanya kazi peke yake. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume kabla matokeo yote hayajatangazwa. Ukarudiwa Machi 2016 bila ya CUF kushiriki, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikawa kitupu hadi Desemba 2020, alipoapishwa tena Maalim Seif, wakati huo akiwa ACT-Wazalendo. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Kwa maoni ya mwandishi, upungufu ulikuwa hapa: Katiba ilieleza namna ya kugawana baada ya hesabu, ila hesabu yenyewe ilibaki mikononi mwa watu wasioaminiwa na wote.

Kwa hiyo, chama kikipatanishwa na masheha au wazee barazani, katibu aandike mapatano hayo katika muhtasari, ayapeleke mkutano mkuu yapigiwe kura, kisha marekebisho ya masharti yapelekwe kwa Mrajis. Kura zihesabiwe mbele ya wanachama, kila upande ukiwa na mtu wake mezani, na wote watie saini.

Maswali ya kujadili: Katika chama chenu, aliyeshindwa uchaguzi wa kamati hupewa kazi gani? Nani huhesabu kura, na masharti yanasemaje juu yake? Mapatano gani ya mdomo mnayoyategemea sasa, ambayo mgeni akifungua daftari lenu hatayaona?