Usukani Mgumu na Usukani Usiorudi: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Usukani wa gari dogo unapokuwa mzito, au unapokataa kurudi katikati baada ya kona, mlaji hukabiliwa na hatari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya usalama: dereva aliyezoea gari kujinyoosha lenyewe anaweza kujikuta amevuka mstari wa katikati ya barabara. Ya pili ni ya mfukoni: spea ya gharama kubwa hununuliwa kwa kukisia, hufungwa, na kasoro hubaki palepale.

Somo hili limeandaliwa kwa wamiliki wa magari madogo, hasa wanaoishi na kusafiri katika ukanda wa pwani kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege, Zinga na Bagamoyo. Hatukusudii kumfanya msomaji awe fundi. Tunakusudia kumwezesha kueleza kasoro kwa usahihi, kufuata uchunguzi unaoanza na mambo yasiyo na gharama, na kudai ushahidi kabla ya kutoa fedha.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Kerege na kufanya kazi Dar es Salaam. Baada ya masika, anagundua kwamba akikata kona kuingia barabara kuu, usukani haurudi. Ni lazima aurudishe kwa mikono. Fundi anaendesha gari mita chache, kisha anasema: "Mama, hii ni stelingi raki, imekufa." Raki iliyotumika inanunuliwa na kufungwa, lakini usukani haubadiliki. Fundi wa pili anapovitenganisha viungo kimoja kimoja, anakuta bolijointi ya gurudumu la kushoto imeshika kutu hata haigeuki kwa mkono. Spea iliyohitajika ilikuwa ya bei ndogo zaidi kuliko ile iliyokwisha kununuliwa.

Si lazima tumwone fundi wa kwanza kuwa mdanganyifu. Kosa lake ni kutaja jina la spea kabla ya kupima. Kosa la mteja wake ni kulipa kabla ya kuona.

Kwa nini usukani hurudi wenyewe

Shika kiti cha baiskeli, uisukume mbele bila kugusa usukani wake. Gurudumu la mbele hujinyoosha na kufuata mwelekeo wa safari. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba uma wa baiskeli haukusimama wima. Sehemu yake ya juu imelala kidogo kuelekea nyuma, na mahali gurudumu linapogusa ardhi panabaki nyuma ya mstari wa uma huo. Gari nalo limeundwa hivyo. Mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia umelazwa kidogo, na ulalo huo mafundi huuita kasta. Gari likiwa katika mwendo, barabara yenyewe hulivuta gurudumu lirudi kwenye mstari ulionyooka.

Nguvu hiyo ya kurudisha si kubwa. Ikikutana na kiungo kilichoshika kutu au beringi iliyokwama, hushindwa. Kwa hiyo dalili zenyewe huanza kutuonyesha njia:

– Usukani mzito unaorudi vizuri: mara nyingi tatizo liko kwenye upepo wa matairi au kwenye pawa stelingi, yaani msaada unaompunguzia dereva uzito.

– Usukani mzito usiorudi: mara nyingi kuna msuguano kwenye kiungo, beringi, raki au nguzo ya usukani.

– Usukani mwepesi usiorudi: shuku kwanza pembe za magurudumu, yaani alaimenti.

Mgawanyo huu si hukumu ya mwisho, lakini humsaidia mlaji kujua aanzie wapi.

Pwani na viungo vya chini ya gari

Kila bolijointi na kila kichwa cha tairodi hufunikwa kwa mpira mdogo unaohifadhi grisi ndani na kuzuia maji na mchanga visiingie. Mpira huo ukipasuka, grisi hutoka na kutu huanza. Katika maeneo ya pwani kutu haina subira. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na njia nyingi zinazotoka barabara kuu kuelekea makazi ni za mchanga, zenye madimbwi wakati wa masika. Gari linalopita humo kila siku na kulala karibu na bahari huhitaji kukaguliwa mipira yake mara nyingi zaidi kuliko gari la bara. Kuosha sehemu ya chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi ni kinga rahisi, lakini kuosha hakumponyeshi mpira uliokwisha kupasuka.

Hatua ya kwanza: kumbuka kasoro ilianzaje

Kabla ya kwenda gereji, jiulize maswali matatu na uyaandike majibu. Je, usukani ulibadilika ghafla au polepole? Uzito wa ghafla huelekeza kwenye pawa stelingi. Uzito unaokua kwa wiki au miezi huelekeza kwenye msuguano. Je, ulibadilika baada ya matengenezo? Baadhi ya mafundi hukaza skrubu ya kurekebishia raki ili kuondoa mlio, na ikikazwa kupita kiasi usukani hauwezi kurudi. Je, gari limenyanyuliwa kwa spesa, au limefungwa matairi mapana zaidi ya yale ya awali? Mambo hayo hubadilisha uzito wa usukani na pembe ambazo viungo vilipangiwa.

Hatua ya pili: pima upepo

Pima matairi yote asubuhi, kabla gari halijatembea. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Katika magari yaliyotoka Japani, maelezo huweza kuwa ya Kijapani, lakini namba zinasomeka, nazo huwa katika kilopaskali (kPa). Ukigawa namba hiyo kwa 7 utapata makadirio ya karibu ya psi: 220 kPa ni takriban psi 32. Usikubali kujaziwa kwa mazoea ya mtu wa upepo. Tairi la mbele lenye upepo mdogo hulemeza usukani, na kama ni la upande mmoja tu, gari huvuta kuelekea upande huo.

Hatua ya tatu: kagua pawa stelingi

Magari madogo mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, kama Toyota IST na Passo, husaidiwa na mota ya umeme. Katika magari hayo hakuna mafuta ya usukani ya kuongeza. Fundi anayekutoza fedha ya mafuta hayo aulizwe anayaweka wapi. Tazama kama taa ya usukani kwenye dashibodi inabaki inawaka baada ya injini kuwashwa, kisha fundi akague betri, oltaneta, fyuzi na waya kabla ya kuitaja mota.

Magari yenye pampu ya mafuta hukaguliwa kiwango cha mafuta, uvujaji, na hali ya mkanda unaozungusha pampu. Tumia aina ya mafuta iliyotajwa katika kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha chupa yake.

Hatua ya nne: sikiliza springi

Gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, mtu mmoja ageuze usukani polepole hadi mwisho wa kila upande. Mwingine asimame pembeni na kutazama springi ya mbele, bila kuingiza mkono. Springi inayojikunja kisha kuruka kwa mlio huashiria kwamba beringi ya juu ya shokapu imekwama.

Kuna dalili nyingine ya beringi hiyo ambayo dereva anaweza kuitambua peke yake. Akitoka kwenye kona ya kulia, gari huendelea kuvuta kulia. Akitoka kwenye kona ya kushoto, huvuta kushoto. Kasoro ya tairi au ya alaimenti kwa kawaida huvuta upande uleule siku zote. Jaribio hili lifanyike kwenye uwanja mpana usio na watu, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa au chini yake, mikono ikiwa tayari kuushika usukani. Lisifanyike kamwe kwenye Barabara ya Bagamoyo.

Hatua ya tano: kutenganisha viungo

Hili ni jaribio la fundi, nalo ndilo linaloamua. Sehemu ya mbele ya gari hunyanyuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara. Jeki pekee haitoshi, na kwenye mchanga hata stendi huhitaji ubao mpana chini yake. Injini ikiwa imezimwa, usukani hugeuzwa. Ukiwa mwepesi bila mkwamo, basi uzito ulitokana na matairi, pembe au pawa stelingi. Gari lenye mota ya umeme huonyesha uzito kidogo hata likiwa zima, na hiyo ni kawaida. Kinachotafutwa ni ugumu uliozidi au mkwamo unaojirudia mahali pamoja.

Ukibaki mgumu, fundi hufungua vichwa vya tairodi kutoka kwenye magurudumu yote mawili. Sasa mfumo umegawanyika. Kila gurudumu hugeuzwa kwa mkono: lililo gumu lina kasoro kwenye bolijointi yake au beringi ya juu ya shokapu. Kisha usukani hugeuzwa peke yake: ukiwa mgumu, kasoro iko kwenye raki, au kwenye kiungo cha nguzo ya usukani ambacho mafundi hukiita krosi. Hapo ndipo neno "raki" linapoweza kutamkwa kwa haki.

Hatua ya sita: alaimenti iwe ya mwisho

Alaimenti inayofanywa juu ya viungo vilivyochakaa ni fedha iliyopotea, kwa kuwa vipimo hubadilika gari linapotikisika kwenye matuta. Fanya matengenezo kwanza, kisha alaimenti, na uombe karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Bolijointi mpya zinaweza kuwa ngumu kidogo mwanzoni, lakini usukani usiorudi kabisa baada ya matengenezo urudishwe kwa fundi siku hiyohiyo.

Haki na wajibu wa mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ili haki hiyo iwe na nguvu, mlaji hana budi kuwa na kumbukumbu. Tunashauri yafuatayo:

1. Omba kuonyeshwa. Kauli ya heshima inatosha: "Fundi, naomba nikione hicho kiungo kabla hatujanunua."

2. Kabla ya kazi kuanza, mkubaliane kwa maandishi juu ya spea, gharama ya ufundi na muda wa dhamana.

3. Dai risiti ya EFD kwa spea na kwa huduma.

4. Chukua spea ya zamani. Ni mali yako, na ni ushahidi.

5. Epuka raki au bolijointi iliyotumika isiyo na dhamana yoyote.

Msipoelewana na muuzaji au gereji, peleka malalamiko pamoja na nyaraka hizo Tume ya Ushindani (FCC). Mashaka kuhusu ubora wa bidhaa yenyewe yanaweza kufikishwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Neno la tahadhari lisipuuzwe: usukani unaokwama katikati ya mzunguko, au unaocheza na kugonga, si wa kuendeshwa hadi gereji. Gari livutwe, au fundi aitwe lilipo.

Maswali ya kujipima

1. Gari lako lina usukani mzito, lakini unarudi vizuri baada ya kona. Utakagua mambo gani mawili kwanza?

2. Gari huvuta upande wa kona uliyotoka, iwe kulia au kushoto. Unashuku nini?

3. Fundi anasema raki imekufa, lakini hajafungua vichwa vya tairodi. Utamwomba afanye nini kabla ya kununua?