Vijidudu vya Tumboni na Saa ya Mwili



Jogoo huwika alfajiri bila kutazama saa. Mwili wako nao una saa yake. Usiku hukuletea usingizi, asubuhi hukuamsha. Saa kubwa imo katika ubongo, nayo hufuata mwanga wa jua. Ini na utumbo vina saa zao ndogo. Hizo hufuata zaidi nyakati za kula.

Saa hizi zina wasaidizi. Ni vijidudu vinavyoishi tumboni, hasa katika utumbo mpana. Usiogope. Si kila kijidudu huleta ugonjwa. Hivi hula mabaki ya chakula ambayo tumbo halikuweza kuyasaga, kama ya maharage, mboga za majani na dona. Kisha hutengeneza vitu ambavyo huingia katika damu na kufika kwenye ini. Ndivyo ini linavyosaidiwa kushika saa yake.

Mwaka 2014 wataalamu wa Israel walivuruga saa za kulala na kula za panya. Vijidudu vya panya hao vilipoteza utaratibu. Panya walinenepa, na miili yao ikashindwa kutumia sukari vizuri.

Jambo hili linatuhusu. Walinzi, wauguzi na wengine wanaofanya kazi usiku kwa miaka mingi hupata ugonjwa wa kisukari zaidi kuliko watu wa kazi za mchana. Sababu ni nyingi. Kula usiku wa manane ni mojawapo.

Basi tufanye nini?

1. Kula kwa saa zile zile kila siku.
2. Kula chakula cha jioni mapema, si wakati wa kwenda kulala.
3. Kama kazi yako ni ya usiku, kula mlo mkubwa kabla ya kwenda kazini.
4. Kula maharage, kunde, mchicha, matunda na dona. Ndicho chakula cha vijidudu vyema.
5. Usinywe dawa za kuua bakteria bila kuandikiwa na mganga. Huua hata vijidudu vyema.

Mgonjwa wa kisukari asibadili saa za kula kabla ya kuuliza zahanati. Mtoto mchanga anyonye usiku na mchana.

Maswali ya kujadiliana
1. Saa kubwa ya mwili hufuata nini?
2. Vijidudu vya tumboni vinatufaa nini?
3. Nani kijijini kwenu hufanya kazi usiku? Hula saa ngapi?