Taa za Nyuma za Lori la Chama

Katibu anayeona hati za malipo ya balbu zikirudiwa kila baada ya wiki chache yampasa kushuku jambo jingine kabla ya kuidhinisha ununuzi mpya. Mara nyingi balbu haina kosa. Fedha za wanachama hupotea bure, na lori huendelea kusafiri usiku na shehena ya pamba pasipo kuonekana na anayelifuata.

Uchunguzi huanza kwa kutazama. Dereva akanyage breki na mtu mwingine asimame nyuma ya gari. (Ufunguo uwe umewashwa, kwani katika baadhi ya magari taa za breki haziwaki bila hivyo.) Ikiwa taa ya upande mmoja tu haiwaki, ubovu uko upande huo: balbu, kishikio chake chenye kutu, au waya. Zisipowaka zote mbili, yafaa kuangalia kwanza fyuzi, kisha swichi ya breki, ambayo katika magari mengi iko karibu na pedali. Ile yenye waya mbili hupimwa kwa urahisi: waya hizo zichomolewe na kugusanishwa, taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu.

Hitilafu inayowasumbua wengi ni ya waya wa ardhi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chasisi. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: breki ikikanyagwa, taa ndogo nyekundu hufifia, au indiketa nayo huwaka bila kuwashwa. Umeme uliokosa njia yake ya kurudi hupitia katika balbu nyingine. Hapo balbu mpya haitasaidia kitu; ni kukwangua kutu na rangi hadi chuma king'ae, kisha kukaza skrubu.

Balbu ikiwa imeungua kweli, yasomwe maandishi yake. Ile yenye nyuzi mbili huandikwa 21/5: wati 21 za breki na wati 5 za taa ya nyuma. Malori mengi hutumia volti 24, na balbu ya volti 12 ikitiwa humo huungua mara moja. Pengine hapo ndipo zinapotoka zile hati zinazorudiwa.

Suala la fyuzi halina mjadala. Fyuzi iliyokatika ikafungwa karatasi ya sigara haikingi tena chochote. Waya iliyochubuka ikigusa chasisi itashika moto, na juu yake kuna pamba. Fyuzi ya akiba yenye kipimo kile kile iwekwe garini na kuandikwa katika daftari la vifaa. Nayo ikikatika, itafutwe waya iliyochubuka kabla ya kutia nyingine.