Mamlaka ya Mapato Hujuaje Kipato Kisichotajwa?

Kamati za sharika hutuuliza mara kwa mara: fundi aliyejiajiri, asiye na ofisi wala mhasibu, TRA itajuaje amepata kiasi gani? Mara nyingi hujulikana kupitia yule aliyemlipa.

Tuchukue mfano wa ujenzi wa zahanati. Mradi unapomlipa fundi ada ya huduma, Sheria ya Kodi ya Mapato inautaka ukate kodi ya zuio, asilimia 5, na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Taarifa hiyo hubeba jina na TIN ya aliyelipwa. Baadaye ofisa huilinganisha na ritani ya fundi mwenyewe, na zikitofautiana fundi huitwa aeleze.

Njia nyingine ni manunuzi. Mashine za risiti za EFD, zilizoanza kutumika mwaka 2010, hupeleka taarifa za mauzo TRA. Mwenye duka aliyenunua saruji ya shilingi milioni 60 kwa TIN yake, kisha akatangaza mauzo ya milioni 30, amejifunga kwa karatasi zake. (Akisema mzigo bado uko stoo, basi utahesabiwa.) Kamishna anaweza pia kudai taarifa za benki.

Kwa hiyo, ndugu wanakamati, nafasi ya TIN kwenye hati ya malipo isiachwe wazi. Fundi naye apewe cheti cha kodi iliyozuiwa. Bila hicho atashindwa kuonyesha kwamba sehemu ya kodi yake ilikwishalipwa.